Nenda Kaniletee Maji

4 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo.

Kwa heshima zote na kwa moyo mzito nakutangazia kuondoka kwa kiti cha plastiki cha bluu kilichokuwa kikikaa mbele ya karakana yangu. Hakikuvunjika wala hakikuibwa. Kiliazimwa jana alasiri na wanafunzi waliotumwa kutoka shuleni, kikabebwa kichwani kwa adabu, kikapelekwa ukumbi wa mtaa kuhudhuria mkutano. Kiti changu kimealikwa. Mimi sikualikwa.

Usinipigie simu kuhusu hili. Tulishakubaliana kwamba mimi na wewe kwenye simu tunakatana maneno, na salio linaisha kabla hatujafika kwenye ugomvi wenyewe. Barua nimempa dereva wa basi la asubuhi, nijibu kwa huyohuyo.

Mkutano ni wa Mwalimu Mkuu mpya, yule mama mrefu wa miwani anayeongea polepole kama anasoma maandishi ya ukutani. Amegundua kwamba vijana wetu wanamaliza shule wakijua kuandika barua ya kuomba kazi, ila kazi yenyewe hawaijui. Ni kweli, nimewaona. Basi akaita wakubwa wa mtaa: Mwenyekiti, Mama Kikundi wa akina mama, mzee wa msikiti na mzee wa kanisa, halafu fundi mmoja mmoja kwa kila kazi. Seremala, fundi cherehani, mama wa saluni, fundi magari. Kila fundi atapokea wanafunzi wa darasa la ufundi karakanani kwake kila Alhamisi, wajifunze kwa mikono. Wanaiita Kamati ya Shule na Kazi.

Na friji, kazi yangu mimi? Friji wamemchukua Kibaridi.

Kibaridi, Dada. Yule tuliyejifunza naye kwa fundi mmoja, ambaye mpaka leo friji anazotengeneza zinarudi kwake kama kuku jioni. Ana mdomo, sikatai. Akisimama kukuelezea friji unatafuta sweta. Ukishaiwasha hiyo friji ndipo unaivua sweta. Mimi nipo hapahapa kila siku, sijahama, sijafunga. Anayenitafuta hakosi kuniona, angalau mgongo.

Wameniambia alikaa kwenye kiti changu. Kwamba aliegemea kabisa.

Sina wivu. Naeleza tu mambo yalivyo.

Mdogo wako,
Fundi

*

11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika ikiwa na duara la kikombe cha chai cha dereva, bila shaka naye ameisoma na ameumia kwa ajili ya kiti.

Nakuandikia juu ya meza ya kukunjia mashuka. Hapa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali mimi ndiye msimamizi, maana yake mashine ikigoma nazomewa mimi na ikifanya kazi anasifiwa daktari. Kwa hiyo usinieleze habari za watu kupitwa.

Unasema huna wivu. Neno "Kibaridi" umelikandamiza mpaka kalamu imetokea upande wa pili wa karatasi.

Nikuondolee hofu moja kabla hujafika huko, maana nakujua. Hakuna aliyeniuliza nani achaguliwe. Wangeniuliza, ningewatajia Kibaridi.

Sasa kaa chini. Kama kiti hakipo, kaa kwenye kreti.

Wewe ni fundi kumshinda, hilo halina mabishano. Ila kamati hii haitafuti anayejua, inatafuta anayeonyesha. Mwanangu, mpwa wako, alikaa kwako miaka miwili. Alirudi na ujuzi gani? Anajua duka gani linaweka maji kwenye barafu na lipi linauza ya moto. Basi. Kila ukifika pale penyewe kwenye kazi, pale penye siri, koo linakukauka ghafla: "Nenda kaniletee maji. Kubwa, ya baridi." Mtoto akirudi, umeshafunga kila kitu na unafuta mikono. Najua ulirithi kwa marehemu fundi wenu, naye alikuwa na kiu ya namna hiyohiyo. Leo mwanangu anaendesha lori. Analiendesha vizuri, na akiona friji anageuza uso.

Binti yako hajambo? Mtoto ambaye tangu aanze kuongea hajamaliza sentensi bila kuuliza, kwa nini mumpe jina la kwenye kadi ya kliniki wakati mtaa mzima unamwita Maswali? Yuko kidato cha mwisho na nasikia naye yumo kwenye hilo darasa la ufundi. Mwambie shangazi anamsalimu. Na wifi pia umsalimie.

Dada yako,
wa mashuka

*

20 Februari

Dada,

Shikamoo. Kiu sasa imekuwa kosa. Haya. Karakana ina paa la bati, moto wa kuchomelea mabomba na fundi mmoja. Anayeshangaa fundi huyo kutaka maji aje akae humu mchana.

Ngoja nikueleze yaliyonipata, halafu ndiyo unifokee.

Wanafunzi wa darasa la ufundi waliambiwa kila mmoja achague kazi. Maswali akachagua friji. Dada, nilisikia raha mpaka nikaona aibu. Nikamtafutia ovaroli, mama yake akaipunguza mikono kwa cherehani, nikamwambia Alhamisi aje mapema. Alhamisi ikafika, nikafagia. Nimefagia karakana, unasikia? Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Jioni akarudi nyumbani na grisi shavuni, ovaroli ya kwangu imechafuka kwa uchafu wa Kibaridi. Eti wanafunzi wanakwenda kwa fundi aliye kwenye kamati.

Tangu siku hiyo kila sentensi yake inaanza na "Fundi Kibaridi anasema." Fundi Kibaridi anasema kompresa ni moyo. Fundi Kibaridi anasema usiogope kufungua, uogope kutofunga. Mezani mama yake anamsikiliza kama taarifa ya habari, mimi natafuna sijui natafuna nini. Nikamwambia, mwanangu, hayo yote hata mimi nayajua. Akanitazama kwa upole, na huo upole ndio ulionikata maini. Akasema, "Ndiyo, Baba. Ila kwako nilikaa likizo nzima nikawa najua maji."

Maneno yako hayohayo. Mmekaa kikao?

Tena afadhali angeyajua hayo maji. Mwezi uliopita, siku moja ya jua kali, nilikuwa naijaza friji gesi, nikasikia ameingia nyuma yangu, nikamtuma maji. Hakurudi. Nilimaliza kazi, nikasubiri, nikafunga mlango nikaenda zangu na koo kavu. Nilipomuuliza jioni akala kiapo kwamba siku hiyo hakukanyaga karakanani. Nikamwambia uvivu nitausamehe, uongo hapana. Alilia. Ndiye huyo leo Kibaridi anamsifu kwa bidii.

Basi na mimi si wa kukaa na kupigwa na butwaa. Nimeanzisha kamati yangu. Inaitwa Kamati ya Wadau Halisi. Inakutana karakanani kwangu kila Jumatano saa kumi, na kama wale wa ukumbini nao wanakutana Jumatano saa kumi, hiyo ni bahati mbaya yao. Usinicheke. Wakubwa wote wa mtaa huu wana friji, na friji zote za mtaa huu zina matatizo. Nilichofanya ni kukumbuka hilo, na kununua soda.

Fundi

*

27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nimecheka, kwa hiyo umeshachelewa kunikataza.

Hiyo kamati yako ina kazi gani? Ile nyingine naelewa: viongozi wanazunguka mtaani kuwashawishi mafundi wapokee watoto, watoto wanajifunza kazi, shule inawapa cheti cha ufundi. Ya kwako inafanya nini baada ya soda?

Halafu sogeza kichwa nikunong'oneze. Kuna mtoto mmoja kwenye lile darasa ni wa kwako. Ukilitikisa darasa hilo anaanguka yeye, Kibaridi atabaki amesimama.

Huko kulia kwake mwezi wa kwanza sikukupenda. Mtoto anayeuliza maswali yote yale hana nafasi ya kusema uongo. Muulize tena, safari hii kwa sauti ya mtu.

Dada yako

*

14 Machi

Dada,

Shikamoo. Kwanza habari njema, maana zipo.

Kamati ya Wadau Halisi imesimama imara. Mwenyekiti wa mtaa alikuja baada ya mimi kumtengenezea friji yake bila kumtajia bei, akakaa kwenye kreti kama mfalme. Mama Kikundi alikuja kwa sababu ya friji ya juisi za akina mama. Mzee wa msikiti na mzee wa kanisa wanacheza drafti pamoja kila siku, ukimpata mmoja umewapata wote. Soda zilikuwa za baridi, na huo ulikuwa ndio ujumbe wangu. Nikawahutubia. Nikasema elimu haiwezi kuachiwa watu wenye midomo. Wakaitikia. Mzee wa kanisa akauliza ajenda ni ipi, mzee wa msikiti akamwambia, "Mwenzangu, kunywa." Jumatano tatu mfululizo ukumbi ulikuwa mtupu na kwangu pamejaa.

Sasa hizo nyingine.

Jumatano ya tatu alikuja afisa elimu kuikagua kamati ya shule. Sikujua, naapa. Alimkuta Mwalimu Mkuu, Kibaridi na seremala, seremala amelala. Viti vingine vilikuwa vitupu, changu kikiwa kimojawapo. Afisa akauliza viongozi wa jamii wako wapi, akajibiwa wako kwa fundi friji wanakunywa soda. Akaandika. Amesema darasa la ufundi haliwezi kuendeshwa kwenye mtaa ambao wakubwa wake hawalitaki. Mpaka mwisho wa mwezi anataka kuona viongozi wamerudi, na kila kazi iwe na karakana mbili zilizosaini kupokea wanafunzi. La sivyo darasa linafungwa, na wale wa kidato cha mwisho wanaondoka bila cheti.

Maseremala wapo wengi. Mafundi cherehani ndio usiseme. Friji tupo wawili tu, mimi na yeye. Kwa hiyo wanaingoja saini yangu.

Kila nikishika kalamu namwona ameegemea kiti changu.

Maswali hajanigombeza. Angenigombeza ningejua pa kuanzia. Ameacha kuuliza, Dada. Jana alipita karibu na friji niliyoifungua mgongo mzima, kila kitu nje, akasema "Shikamoo Baba" akapitiliza. Hajauliza hata kile cha shaba ni nini. Hata mama yake ananipakulia chakula bila kunitazama.

Muulize wewe kama ana chochote anachotaka. Mimi ananijibu "hakuna".

Fundi

*

17 Machi

Dada yetu mkubwa,

Shikamoo. Mimi ni Kibaridi. Najua mdogo wako anakuandikia, dereva wa basi ametuambia. Nakuandikia kwa sababu mtaa mzima unajua wewe ndiye pekee unayemfokea akanyamaza.

Watu wanadhani mimi na yeye tuna ugomvi. Hakuna ugomvi, kuna kijicho, na kikubwa zaidi kiko kwangu. Nikipita mbele ya karakana yake natembea polepole nione ule mgongo unafanya nini. Friji ikitoka kwake haimrudii. Wateja wananiambia mimi ndiye ninayeeleza vizuri, halafu wanaipeleka kwake.

Utakumbuka fundi wetu, Mungu amlaze pema, alivyokuwa akitutuma maji kila akifika mwishoni. Mimi na mdogo wako tulipatana. Mmoja akitumwa, anayebaki aibe kwa macho, amwambie mwenzake. Miguu yangu ilikuwa myepesi, nikatumwa mimi kila siku. Nilikuwa nikirudi namuuliza, "Umeona?" Anasema bado hajaona vizuri. Mpaka tunamzika fundi wetu, alikuwa hajaona vizuri.

Mimi najua friji yote, Dada, isipokuwa ile gesi ya mwisho, kujua imetosha lini. Hapo nabahatisha. Geji yangu ya kupimia gesi ilikufa, na hata ilipokuwa hai hatukuelewana. Kwenye kamati sikujipeleka. Mwalimu Mkuu alinikuta kivulini tukaongea, akaona naongea vizuri. Nikakubali, nikijua kwamba itafika Alhamisi moja nitaumbuka.

Imefika. Wanafunzi wamenizunguka, Maswali yuko mbele kabisa, gesi inaingia. Akauliza, "Unajuaje kwamba imetosha?" Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Nenda kaniletee maji."

Alinitazama kwa macho ya baba yake. Kisha akaenda.

Siku nne sijalala vizuri. Mwambie asaini. Mwambie awafundishe wao, mimi nitasimama mlangoni. Ila usimwambie nimekuandikia. Nikibaki na siri hiyo moja tu ya kuficha, nitaweza kuishi.

Kibaridi

*

22 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hii ni fupi, mashine ya sita imetapika maji chumba kizima na nimevua viatu.

Warudishe wakubwa wa watu ulikowatoa. Leo, siyo Jumatano. Ukikosa la kuwaambia, waambie soda zimekwisha.

Nikwambie na wivu wangu, kwa kuwa wa kwako tumeusoma sana. Baba alipokupeleka wewe kwa fundi, mimi ndiye niliyekuwa nimefungua redio ya nyumbani na kuirudisha ikaongea. Alicheka akasema laiti mkono huu ungekuwa wa mvulana. Akakuchukua wewe, akaniacha na beseni. Nikajifunza kufua. Nimefua mpaka nimekuwa msimamizi. Sikulaumu, ulikuwa mtoto, ila kila ulipokuja nyumbani na harufu ya gesi nilikuwa nakuchukia hadi usiku.

Sasa amezaliwa msichana mwingine kwenye ukoo wetu mwenye mkono uleule, na hakuna wa kumkataza. Baba yake anamtuma maji.

Unamwonea wivu mtu kwa sababu ana mdomo. Ukifa leo Kibaridi atakuja msibani, ataongea vizuri, watu watalia. Halafu tutauzika mkono wako na yote unayoyajua, na Jumatatu friji za mtaa huo zitageuka makabati ya nguo.

Usiniulize nimesikia nini kwa nani. Saini.

Dada yako

*

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Kaa, barua ni ndefu.

Wakubwa niliwarudisha. Mwenyekiti alisikitika, alikuwa ameshaizoea kreti. Ila nikubali, wakishaamua wanajua kazi yao. Mama Kikundi alikwenda nyumba kwa nyumba kwa mafundi cherehani, akatoka na saini bila kupandisha sauti. Wale wazee wawili waliingia kwa mafundi magari pamoja, mmoja anasihi, mwingine anaomba dua, watu wakasaini ili wabaki na amani. Kazi zote zikawa na karakana mbili. Zote, kasoro friji.

Mimi nilikuwa bado. Mkono ulikuwa unakwenda kwenye karatasi, unarudi.

Jumamosi nilikuwa na friji ya mama wa saluni. Nilikwisha tafuta panapovuja kwa povu la sabuni, nikachomelea, nikafungua gesi. Maswali akaja akasimama nyuma yangu, ndani ya ovaroli. Nikamsikia anapumua tu. Na gesi inaingia, na pale penyewe panakaribia, na koo likaanza. Nikafungua mdomo: "Nenda kani..."

Kikasikika kishindo kidogo cha plastiki kwenye saruji. Nikatazama chini, chupa ya maji iko kando ya mguu wangu.

Ilikuwa chupa ndogo, ya moto kama chai, lebo imefifia utadhani imezunguka dunia. Nikamwambia mimi nasema kubwa, ya baridi. Akasema, "Ndiyo iliyopo, Baba."

Nikamtazama. Hakucheka, ila alikuwa amebana midomo. Na gesi haimsubiri mtu, Dada, huwezi kuiambia ikae pembeni kwanza mzungumze. Nikamshika mkono, nikaugeuza, nikauweka mgongo wa mkono kwenye bomba linaloirudishia kompresa gesi. Nikamwambia, kiganja kinadanganya, kimezoea moto, mgongo wa mkono ndio unaosikia. Sikiliza. Kwanza bomba linatoa jasho. Halafu jasho linaganda, linakuwa jeupe, ule weupe unatembea kuelekea kwenye kompresa. Ukiifunga gesi mapema umempa mtu kabati. Ukichelewa, weupe ukafika kule, kompresa unaizika.

Akauliza kwa nini unatembea. Akauliza unatembea mpaka wapi, ukipita utaurudishaje, na kwenye friji kubwa je, na kama umeme mdogo, na nani alimfundisha aliyemfundisha fundi wetu. Maswali ya mwezi mzima yalitoka hapo. Nilijibu mpaka sauti ikakauka kwelikweli, nikanywa yale maji ya moto.

Halafu akasema, "Sasa?"

Nikasema ngoja.

"Sasa?"

Nikasema wewe ndiye umeshika.

Akafunga yeye. Friji ya mama wa saluni inagandisha mpaka losheni.

Utafikiri wivu ulikwisha. Ulipumzika tu. Usiku nikawaza: Alhamisi atakwenda kumwonyesha Kibaridi, na Kibaridi atapanda juu ya kiti atangaze. Sikuhitaji kusubiri Alhamisi. Jumatatu Kibaridi mwenyewe akatokea mlangoni kwangu, amekibeba kiti changu cha bluu. Akakiweka mahali pake, akakifuta kwa shati lake, akasimama.

Nilikuwa na friji wazi. Ningeweza kumpa mgongo. Nikamwambia, "Sogea huku, nimeona vizuri."

Akashusha macho. Ujue hatujawahi kulitaja jambo lile tangu tulipokuwa vijana. Akaleta mkono mwenyewe, tayari umegeuzwa; kumbe Maswali naye hakusubiri Alhamisi. Alikaa mpaka jioni, na hakuna aliyemtuma mtu maji.

Nimesaini. Darasa limepona, afisa elimu ameshapiga muhuri. Alhamisi nusu ya wanafunzi wa friji wanaanza kwa Kibaridi kusikia inavyoelezwa, nusu kwangu, halafu wanabadilishana. Mwalimu Mkuu amesema na mimi niingie kwenye kamati. Nitakwenda na kiti changu.

Limebaki moja tu linalonikereketa. Kwa nini mwanzoni nilipitwa? Kuna mtu alinichongea, Dada, na nataka jina lake. Nimemwandikia Mwalimu Mkuu barua kwa lugha ya ofisi, nimedai maelezo. Nafikiri ni seremala. Macho yake hayatulii hata akilala.

Mdogo wako,
Fundi,
Mjumbe wa Kamati

*

6 Aprili

Kwa Fundi,
Mjumbe wa Kamati ya Shule na Kazi,

Salaam.

Nakushukuru kwa kusaini na kwa kuipokea nusu ya wanafunzi wetu. Kuhusu maelezo uliyodai:

Hakuna aliyekuchongea. Jina lako lilikuwa la kwanza. Katikati ya mwezi wa kwanza nilikuja karakanani kwako mwenyewe, mchana wa jua kali, kukuomba uingie kwenye kamati. Nilibisha hodi, nikaingia. Ulikuwa umenipa mgongo, umeinama kwenye bomba. Nilisema habari za kazi. Ulijibu bila kugeuka: "Nenda kaniletee maji."

Nilifikiri kidogo, nikaenda. Mwanangu wa mwisho ni mkubwa sasa, ni muda mrefu sijatumwa maji na mtu. Duka la maji limepakana na karakana ya Bwana Kibaridi, naye aliponiona juani alinikaribisha kivulini, akaniuliza natafuta nini. Tukazungumza. Niliporudi kwako na chupa nilikuta mlango umefungwa. Nikachukulia kwamba hilo ndilo jibu.

Chupa niliiweka kwenye droo ya ofisi. Ilikaa humo mpaka binti yako alipokuja kuniuliza kama darasa litafungwa. Nilimsimulia kisa hiki ili apate kucheka. Hakucheka mara moja. Alisema, "Kumbe ni wewe," akalia, akacheka, kisha akaiomba.

Nafahamu uliagiza kubwa, ya baridi. Dukani ilikuwepo ndogo, ya moto.

Wako katika kazi,
Mwalimu Mkuu